Gari-nyumba libaki kambini: barua kwa mwanangu anayerudi Bar Harbor

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Umeuliza kama Bar Harbor ya Maine, Marekani, mliyoizoea, ya kulala hotelini na kuzunguka kwa gari dogo, mnaweza kuirudia Septemba hii kwa RV, yaani gari-nyumba, ya kukodi yenye urefu wa futi 25, na kama itapita kwenye barabara za mbuga ya Acadia. Kufika itafika. Kuzunguka nayo ndiko nisikokushauri. Ikishatia nanga kambini, isitoke mpaka siku ya kuondoka.

Tatizo ni madaraja. Lile la Stanley Brook, upande wa Seal Harbor, lina kimo cha futi 10 na inchi 4, yaani kama mita 3.15. RV ya ukubwa wenu, ukihesabu na kipoza hewa kilicho juu ya paa, mara nyingi hufika futi 11. Tena ni madaraja ya mawe yenye upinde: katikati pana nafasi, kandoni jiwe linashuka, kwa hiyo anayejibana pembeni kumpisha mwenzake ndiye anayekwangua. Ramani ya simu haijui kimo cha gari lenu. Lipimeni wenyewe siku ya kulichukua, kutoka ardhini hadi kitu kilicho juu kuliko vyote, kisha mwandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya usukani, kwa futi na inchi kama vibao vya huko.

Kilele cha mlima Cadillac, ndani ya mbuga, nacho kisahauni kwa gari hilo. Gari linalozidi urefu wa futi 21 halipandi, na kile kibali cha dola 6 cha kupandia hakibadilishi kitu. Basi la abiria la mbuga nalo haliendi kule juu. Kuna njia ya miguu, South Ridge, inayoanzia karibu na kambi ya Blackwoods: maili 7.1 kwenda na kurudi, ambazo wajukuu hawaziwezi. North Ridge ni maili 4.4. Mkitaka kuona jua likichomoza bila jasho, kodini gari dogo kwa siku moja, na kibali mkikate mapema mtandaoni.

Kwingineko kote pandeni Island Explorer. Ni mabasi ya bure, yanatembea tangu mwishoni mwa Juni hadi Jumatatu ya pili ya Oktoba, na kituo kikuu kiko Village Green, katikati ya mji. Ada ya mbuga mtalipa hata hivyo, dola 35 kwa gari kwa siku saba.

Kambi chagueni kwa kuangalia umeme. Blackwoods iko maili 5 tu kutoka mjini na basi linafika, ila haina umeme wala bomba la maji kwenye nafasi yako. Schoodic Woods, iliyofunguliwa 2015, ina vyote viwili, lakini iko ng'ambo ya ghuba, upande wa Winter Harbor, na kwenda mjini bila kuzunguka mbali kwa barabara ni kwa feri. Kwa watoto wadogo mimi ningechukua Blackwoods. Nafasi lazima iwe imelipiwa kabla hamjafika, maana mtandao wa simu pale kambini ni wa kubahatisha.

Bila umeme, kinachowaangusha watu ni betri. Usiku wa Septemba ni baridi, na hita ya gesi ina feni inayokula kama ampea 7. Usiku ukiwa na muda wa saa nane, nayo ikizunguka nusu yake, ni ampea-saa 28, yaani kipimo cha umeme unaotolewa na betri. Betri ya madini ya risasi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, basi usiku wa pili, pamoja na taa na pampu ya maji, mmefika mwisho. Wekeni hita chini, mjifunike mablanketi. Jenereta ina saa zake za kuruhusiwa, ulizeni mkifika.

Tangi la choo limwagieni lita kumi za maji kabla ya mtu yeyote kulitumia. Likianza kavu, uchafu unajengeka chini ya bomba kama kichuguu na hautoki. Wakati wa kumwaga, vaeni glovu, fungueni la choo kwanza, la maji ya kuogea mwisho, ili lisafishe mpira wa kumwagia. Mkwe wangu asijaribu kinyume chake ili kuokoa dakika mbili.

Kisiwa cha Bar, ambacho watoto watakitaka, hufikiwa kwa miguu juu ya changarawe kutoka mwisho wa Bridge Street, maji yakipwa. Mnayo saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja na nusu baada yake. Maji ya pale yanapanda futi 10 hadi 12, siku za bamvua zaidi. Ukichelewa utakwama kisiwani kwa muda wa kama saa tisa. Gari msilishushe kwenye changarawe, hata kwa picha.

Kuni msibebe kutoka Ohio. Maine imekataza kuni za nje ya jimbo, kwa sababu ya wadudu wanaoua miti. Nunueni Ellsworth, pamoja na mafuta na vyakula, kabla ya kuvuka daraja la Trenton, kwa sababu Bar Harbor yenyewe iko kisiwani na huko bei hupanda.

Mkishapima kimo cha gari nitumie, nikuandikie njia ya kutoka Portland.

Mama