Corolla ya Zamani Inayoyumba: Anzia Nyuma

Corolla za modeli ya AE100 na AE110 bado ni nyingi barabarani, na lalamiko la madereva wake ni lilelile: gari halitulii. Likifika kilomita 80 kwa saa linatangatanga, basi likilipita mkia unacheza, na usukani umekaa upande hata baada ya alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) mbili tatu za mbele. Alaimenti ya mbele peke yake haiondoi tatizo hilo, kwa sababu matairi ya nyuma nayo yanaongoza gari. Yakielekea kulia kidogo, dereva analazimika kushikilia usukani kulia ili aende moja kwa moja. Kwa hiyo nyuma inanyooshwa kwanza, mbele inafuata.

Kabla ya kupima chochote, sawazisha upepo wa matairi, kisha kagua bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya rodi. Kila tairi la nyuma limeshikwa na shokapu, rodi mbili za pembeni na rodi moja inayokwenda mbele. Gari likiwa juu ya stendi, wala si jeki peke yake, ingiza mtaimbo mdogo kwenye maungio ya rodi na usukume. Mpira ukiwa umepasuka, rodi itahama waziwazi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kagua beringi. Pima pia kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 10, springi imechoka au imevunjika. Waliowekewa raba za kunyanyua gari wajue kwamba rodi zikibadili pembe, mwelekeo wa matairi nao hubadilika. Alaimenti ya zamani haifai tena.

Kubadilisha bushi ndipo kazi nyingi huharibika. Mafundi wengi hukaza bolti za rodi tairi likiwa linaning'inia hewani. Bushi hizi zimegandishwa kwenye bomba lake la ndani, hivyo gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote, na bushi mpya inachanika mapema. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari, litikise mara kadhaa likae kimo chake, ndipo ukaze. Kama huwezi kuingia chini, weka jeki chini ya kitako cha tairi (chuma kinachoshika beringi) ubebe uzito wa gari kisha ukaze.

Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam litakuwa na bolti zilizoshikana kwa kutu ya chumvi. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni na urudi asubuhi. Usipige moto karibu na tangi la mafuta au mabomba ya breki. Afadhali kukata bolti na kununua nyingine.

Kupima kunahitaji uzi na rula. Simamisha gari mahali tambarare, nyosha uzi kila upande kwenye kimo cha katikati ya rimu. Umbali wa uzi hadi katikati ya rimu ya mbele uwe sawa kushoto na kulia, na wa nyuma vilevile. Lakini usilazimishe mbele na nyuma zilingane, kwa kuwa upana wa ekseli hutofautiana. Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu ya nyuma. Ukingo wa mbele uwe mbali na uzi zaidi, kwa milimita 1 hadi 2 kila tairi, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Ukiwa karibu zaidi, tairi limefunguka nje, na hapo ndipo mkia unapocheza na tairi kulika upande wa ndani.

Marekebisho yako kwenye rodi ya pembeni ya nyuma: legeza nati mbili za kufungia, zungusha bomba la katikati. Rodi ikirefuka, sehemu ya mbele ya tairi huingia ndani. Zungusha kidogo, sukuma gari mita tatu nne ili matairi yajiachie, pima upya.

Pembe ya tairi kulala ndani au nje haina marekebisho ya kiwandani hapa. Upande mmoja ukilala zaidi, tafuta shokapu au rodi iliyopinda.

Corolla NZE121 na Vitz isiyo ya 4WD zina ekseli moja ya nyuma isiyo na cha kuzungusha. Vipimo vikiwa vibaya, tazama bushi zake mbili kubwa, kisha ekseli yenyewe kama imepinda.