Afisa kijana wa majini vitani: anzia relini

Mdogo wangu, umeuliza utaandikaje hadithi ya afisa kijana wa majini vitani wakati umezaliwa Dodoma na bahari umeiona kwenye simu tu. Anzia reli. Meli Goetzen, leo Liemba, ilipita hapo hapo mjini kwenu ikiwa vipandevipande kwenye makasha, ikaenda kuunganishwa Kigoma. Baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafungwa mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia Rufiji Julai 1915.

Hao wa Königsberg ndio watakaokufaa. Usimwandike akifyatua mizinga kila ukurasa, jamani! Miezi walijificha kwenye mikoko: joto, mbu, malaria, na zamu ya usiku ya kukodolea macho maji yaleyale. Luteni wa miaka ishirini na kitu anawaamrisha mabaharia waliomzidi umri; hapo pana hadithi. Meli ilipokwisha, wakaburuta mizinga nchi kavu, wakapigana kama askari wa miguu. Mmoja alipelekwa Ziwa Tanganyika, akaogelea kupeleleza mashua za Waingereza, akakamatwa.

Vyeo usibahatishe: luteni kamili wa majini wa Uingereza hulingana na kapteni wa nchi kavu, lakini kwa Wajerumani anayelingana na kapteni huyo ni Kapitänleutnant.