Usimwite fundi kabla hujasoma hati ya hicho kiwanja

Mtoa mada simama hapo hapo. Umesema umepanga nyumba huko Goba, unataka kufungua bekari ndogo hapo nyumbani, oveni umeshailipia advansi, Jumamosi fundi anakuja kuvunja ukuta atoe dirisha la kuuzia barabarani, na swali lako ni oveni ya gesi au ya umeme, vifungashio upate wapi, keki ya kilo uuze bei gani. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuzima taa, unaandika "leseni nitafuatilia biashara ikishachangamka".

Aisee nimeisoma hiyo sentensi nikasikia tumbo linaunguruma. Hiyo sentensi ni yangu, niliisema mimi, na ilinigharimu milioni 12.

Nilianza kama wewe, keki za oda jikoni kwangu, oveni ya kawaida, picha naweka Instagram, boda anabeba, hakuna aliyenigusa hata siku moja. Sasa kuna mshauri wa biashara mmoja, ana grupu la WhatsApp, kiingilio 50,000, kila asubuhi anatuma voisi ya dakika saba "amka, tajiri halali". Huyu ndo aliniambia nitoke jikoni nifungue bekari kamili uani. Nikamuuliza mbona hapa ni nyumba ya kupanga na ni mtaa wa watu kuishi? Akanijibu, na nakumbuka mpaka kikohozi alichokohoa, "Dada, leseni inaangalia TIN, haiangalii kiwanja."

Haiangalii kiwanja! Mtu anavaa suti saa mbili asubuhi jua la Dar lote lile, ningejuaje kama hajui kitu.

Basi nikachukua mkopo wa kikoba. Oveni ya deki mbili 5,200,000. Mikisa ya unga 1,900,000. Chumba cha uani, tofali, bati, tailizi, sinki mbili, 3,400,000. Kuvuta umeme wa thrii fezi na waya zake 1,100,000. Mshauri mwenyewe akala 400,000 "kushughulikia vibali". Kibali cha ujenzi wa hicho chumba hakikuwemo, akasema ni banda tu lile. Leseni ilikuja kweli, nikaiweka kwenye fremu, nikaitundika juu ya mzani wa unga. Sikuisoma. Nilikuwa naiangalia tu kama picha ya harusi.

Miezi minne mambo safi, mikate inatoka, vijana wawili nimewaajiri. Ila mikisa inaanza kunguruma saa tisa usiku na ukutani kwa jirani kuna kichanga, saa kumi na moja boda sita zimepanga foleni getini zinapiga honi. Jirani akavumilia, akavumilia, kisha akaenda kushtaki manispaa. Namchukia lakini ningekuwa yeye ningeenda wiki ya kwanza.

Wakaja watatu, bwana afya, afisa biashara na kijana wa mipango miji. Afisa biashara akaishusha leseni ukutani, akasoma, akaniuliza, "Hapa ndo stendi?" Kumbe mshauri alijaza anwani ya fremu ya duka ya rafiki yake karibu na stendi, maana alijua ya nyumbani ingekwama. Leseni inatolewa kwa eneo lililoandikwa, kwa hiyo pale nyumbani mimi sikuwa na leseni yoyote, nilikuwa na karatasi. Yule kijana akaomba hati ya nyumba, mwenye nyumba akanitumia picha, kijana akaikuza kwa vidole viwili kwenye simu yangu mwenyewe akanionyesha mstari: matumizi ya ardhi, makazi tu, Kundi A. Mstari mmoja mfupi! Ungeweza kuusoma unasubiri maji yachemke.

Nikasema basi tubadilishe matumizi. Ndo nikajua anayeomba ni mwenye ardhi, siyo mpangaji, na kuna ada, kuna tangazo gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze (jirani yangu angejitokeza na mabegi), kuna vikao, na faili linapanda mpaka wizara ya ardhi. Nikampigia mwenye nyumba, mzee wa watu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hati yenyewe iko benki kama dhamana, na kiwanja kikigeuka cha biashara kodi ya ardhi inapanda, nani atalipa? "Mwanangu, mimi nilikukodishia ulale." Wiki iliyofuata chumba changu cha uani kikapigwa X nyekundu.

Oveni na mikisa niliuza zote milioni nne. Chumba huwezi kukibeba kichwani ukahama nacho, nasikia mzee aliongea na watu wa manispaa vizuri, sasa anafugia kuku. Wana tailizi hao kuku, wana sinki mbili. Mume wangu mpaka leo nikitaja neno mradi anaenda kuoga. Mshauri nilipompigia akasema changamoto ni daraja, kisha akanitoa kwenye grupu.

Kwa hiyo usinunue hata msumari. Muombe mwenye nyumba kopi ya hati, akigoma chukua namba ya kitalu na kiwanja, nenda dirisha la mipango miji la manispaa WEWE MWENYEWE, waambie nataka kuoka mikate na kuuza hapa, mashine za ukubwa huu, wafanyakazi wangapi, saa ngapi naanza, panaruhusiwa? Kama panaruhusiwa omba waandike. Na kwenye mkataba wa pango iandikwe biashara gani unafanya. Ukishapata hivyo ndo uhangaike na TIN, leseni unaomba mtandaoni kwenye TAUSI, ule mfumo wa halmashauri, anwani ujaze ya kweli, halafu TBS, shirika la viwango, wasajili jengo lako la chakula (zamani kazi hiyo ilikuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilihamia TBS mwaka 2019), bwana afya, vijana wapime afya. Wakikwambia hapana, endelea na oda za jikoni utafute fremu taratibu. Mimi sasa niko kwenye fremu, nalipa kodi inauma, ila saa tisa usiku naunguruma ninavyotaka.

Vifungashio sijui, nimesahau uliuliza nini kingine. Fundi wa Jumamosi mpigie leo, na huyo wa oveni kama bado hajaileta mwambie akae nayo, advansi usiidai, atakuzungusha, omba tu asogeze tarehe.