Kutia saa majira: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Unasema alfajiri ile baba yako anakata roho hapa Tabora, wewe ulikuwa kwenye basi la kazini huko Muscat, mnacheka na wenzako kwa video aliyotumiwa mmoja wenu. Tangu arobaini ipite unapiga hesabu za dakika. Kisha ukasoma mahali kwamba Einstein alionyesha hakuna "sasa" moja kwa ulimwengu wote, ukaniuliza: "Mama, umefundisha fizikia miaka 31. Ni kweli nilikuwa nacheka wakati uleule, au 'wakati uleule' ni maneno tu?"

Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilitamani kukupa jibu la kukupoza moyo. Nimeona nisifanye hivyo. Nitakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi wangu, na kama baba yako ambavyo angetaka.

Cheti kimeandikwa 05:40. Kwa hesabu yetu ni saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Kwenye simu yako ilikuwa 06:40, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tarakimu nne kwa tukio moja, na hakuna iliyo ya uongo. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, wengine wanaanza usiku wa manane, na nyinyi mko mbele yetu kwa saa moja. Hayo ni makubaliano ya watu na kila mtu anayajua. Swali lako linachimba zaidi: ukishaziondoa tarakimu zote, je, kunabaki kitu chini yake, wakati mmoja unaopita Tabora na Muscat kwa pamoja?

Hebu kumbuka kibanda cha baba yako pale karibu na stesheni. Kabla ya kufungua mlango kwa wateja alikuwa anawasha redio, anavuta saa moja mkononi, kidole gumba kwenye kile kitufe cha kutilia majira, anangoja milio ya saa. Ule mlio wa mwisho ukilia tu, anakibonyeza. Saa hiyo aliiita mama. Zile nyingine zote zilizoning'inia ukutani alizitia majira kwa kuiangalia hiyo. Na akija mtu wa Urambo mwenye saa ya ukutani nyumbani, alimpa saa ndogo ya mkono: "Ibebe hii polepole, ukifika, itie ile kubwa kwa hii." Basi alikuwa na njia mbili za kuzipatanisha saa zilizo mbali: ishara inayotumwa, na saa inayobebwa. Mwanangu, wanadamu hawajapata njia nyingine mpaka leo. Karibu historia yote ya swali lako imo katika njia hizo mbili.

Kwa muda mrefu wakubwa wa fizikia walidhani njia hizo ni za kukisia tu kitu ambacho tayari kipo. Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kuna wakati wa kweli, wa kihisabati, unaotiririka sawasawa wenyewe bila kujali kitu chochote cha nje. Saa za mafundi, siku na miezi vilikuwa kwake vipimo vya juujuu vya wakati huo. Mwanafalsafa Leibniz alimpinga katika barua alizoandikiana na Clarke, rafiki wa Newton, mwaka 1715 na 1716. Alisema wakati ni mpangilio tu wa mambo yanayofuatana. Mimi darasani nilimfananisha na mtu anayesema kwamba foleni haipo kama hakuna waliopanga. Lakini mashine za Newton zilifanya kazi, sayari zilimtii, na mabishano yakabaki ya wanafalsafa. Mnamo 1883 mwanafizikia Mach akaandika kwa ukali kwamba wakati wa Newton, kwa kuwa hauwezi kupimwa kwa chochote, hauna faida yoyote. Kijana Einstein alimsoma Mach, alimsoma na mwanafalsafa Hume, na baadaye alikiri kwamba walimsaidia.

Hapa ndipo nilipokuwa nawasimamisha wanafunzi, kwa sababu vitabu vingi vinaruka. Paris palikuwa na ofisi ya serikali ya longitudo (ile mistari ya ramani inayoonyesha mahali palivyo mashariki au magharibi), na mwanahisabati Poincaré alikuwa mjumbe wake. Ili uchore ramani sawasawa lazima ujue: hapa ikiwa adhuhuri, kule mbali ni saa ngapi? Walituma ishara kwa telegrafu kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kisha wakatoa muda ambao ishara imeutumia njiani. Kazi ya baba yako hasa, ila kwa nyaya ndefu. Poincaré akiwa karibu na kazi hiyo aliandika mwaka 1898 kwamba hatuna hisia ya moja kwa moja ya mambo mawili kutokea pamoja yakiwa mbalimbali. Tuna kanuni tu, na kanuni hizo tunazichagua kwa sababu zinarahisisha kazi. Mwaka 1900 alieleza watu wawili wakipatanisha saa zao kwa kupelekeana mwanga. Lakini hakuiacha etha, ile dutu waliyodhani imejaa angani ikibeba mwanga, ingawa wanasayansi Michelson na Morley walikuwa wameitafuta dalili yake kule Cleveland, Marekani, mwaka 1887 wasiione. Kwa Poincaré, mtu aliyetulia ndani ya etha alikuwa na wakati wa kweli, na wengine wote wakati wa kuonekana tu.

Einstein alikuwa karani wa ufundi katika ofisi ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, mjini Bern, miaka 26, mke na mtoto mchanga nyumbani. Makala yake ililifikia jarida tarehe 30 Juni 1905. Haimtaji mwandishi wa kitabu chochote katika tanbihi, lakini mwishoni inamshukuru rafiki mmoja, Besso, aliyefanya kazi naye ofisi moja. Sehemu yake ya kwanza unaweza kuisoma wewe, bila hisabati ngumu. Anasema hivi kwa maana: nikisema treni inafika hapa saa 7, ninachosema ni kwamba mshale mfupi wa saa yangu kufika kwenye 7 na treni kufika ni matukio yanayotokea pamoja. Saa moja kwetu. Basi, hilo linatosha kwa mahali ilipo saa. Je, kwa mahali pa mbali?

Na jibu lake ni kwamba halipo mpaka tuliweke. Tuma mwanga kwenda kwa mwenzako, urudi, na tukubaliane kwamba muda wa kwenda ni sawa na muda wa kurudi. Neno "tukubaliane" lishike vizuri. Hajasema amegundua, amesema hivi ndivyo tutakavyolielewa neno. Mimi naamini hatua kubwa kuliko zote za karne ile ilikuwa hii, mtu kuuliza neno tunalolisema kila siku lina maana gani. Hesabu zilikuja baadaye.

Zilipokuja, zilileta hili. Treni inapita kasi mbele ya stesheni, radi mbili zinapiga na kuacha alama, moja kwenye ncha ya mbele ya treni na moja kwenye ncha ya nyuma. Wewe umesimama jukwaani katikati ya alama hizo mbili, mwanga wote unakufikia kwa pamoja. Unasema zimepiga pamoja. Mimi nimekaa katikati ya treni. Wakati mwanga uko njiani, mimi nausogelea ule wa mbele na kuukimbia ule wa nyuma, basi wa mbele unanifikia kwanza. Kwa kuwa mwanga una kasi ileile kwangu na kwako, na mimi niko katikati ya treni yangu, sina budi kusema radi ya mbele ilipiga kwanza. Wanafunzi walikuwa wananing'ang'ania: "Mwalimu, lakini kwa kweli?" Hiyo "kwa kweli" ndiyo wakati wa Newton, na hakuna kipimo kinachoupata. Wote wawili tumesema kweli.

Na ile njia ya pili ya baba yako, ya saa inayobebwa? Mwaka 1971 Hafele na Keating walipakia saa za atomi kwenye ndege za abiria, wakazizungusha dunia nzima. Zilizoelekea mashariki zilirudi zimechelewa kuliko zilizobaki ardhini kwa nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), zilizoelekea magharibi zimetangulia kwa 273. Ungemwambia baba yako kwamba saa nzima isiyo na kasoro imebebwa na kurudi na majira mengine, angeifungua kwanza. Nilimwambia. Alinyamaza, akasema, "Basi hata ya mtu wa Urambo." Ndiyo, hata ya mtu wa Urambo, kidogo sana. Leo setelaiti zinazoongoza ramani ya simu yako zina saa zinazotangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38, yaani sehemu 38 za milioni za sekunde, kila siku, na wahandisi wasingelisahihisha hilo ungepotea kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja.

Sasa nakuja kwako.

Kutoka Tabora hadi Muscat ni zaidi kidogo ya kilomita 4,000. Mwanga unaumaliza mwendo huo kwa milisekunde 14 hivi, yaani sehemu 14 za elfu za sekunde. Nadharia inasema kutokukubaliana juu ya "wakati uleule" kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni mwanga. Chukua pumzi ya mwisho ya baba yako. Mlete mtazamaji yeyote, anayekwenda kwa kasi yoyote, kutoka upande wowote wa mbingu. Kila mmoja atachagua nukta fulani kwenye saa yako ya Muscat na kusema hii ndiyo iliyokuwa pamoja na pumzi ile. Wote watachagua ndani ya milisekunde 14 kabla na 14 baada. Kupepesa jicho kunachukua zaidi ya hapo. Na wewe na mimi, tuliotulia wote juu ya ardhi hii moja, hatuna hata hicho cha kubishania.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu. Ulikuwa unacheka.

Einstein hakuiondoa "sasa" ya watu walio duniani. Aliiondoa ya mbali. Kwenye jua, ambako mwanga wake unatufikia kwa dakika 8 na sekunde 20, kuna dakika 16 na zaidi ambazo huwezi kusema kwa niaba ya kila mtu kama zimetangulia neno hili ninaloandika au zimelifuata. Kwenye galaksi ya Andromeda, kundi la nyota ambalo mwanga wake unatufikia kwa miaka milioni mbili na nusu, mtu akisimama barazani na mwingine akipita kwa miguu mbele yake, "leo" zao za kule zinatofautiana kwa siku kadhaa. Mambo haya yananistaajabisha hadi leo. Lakini hayafiki kwenye basi lako, na singependa uyatumie kujificha.

Utakuwa umeikuta pia ile barua. Besso alipofariki Machi 1955, Einstein aliwaandikia jamaa zake kwamba kwa watu kama wao wanaoiamini fizikia, tofauti ya jana, leo na kesho ni njozi tu, ingawa njozi isiyotaka kuondoka. Mwezi uliofuata naye akafa. Wengi wanaipokea kama hukumu ya sayansi. Mimi naisoma kama rambirambi ya mzee aliyefiwa na rafiki wa miaka mingi. Huyo huyo Einstein alimwambia mwanafalsafa Carnap kwamba suala la "sasa" linamsumbua kwa dhati: kwa binadamu "sasa" ina uzito wa pekee, na fizikia haina mahali pa kuiweka. Carnap hakuona tatizo. Mimi niko upande wa Einstein. Nilikaa kando ya kitanda usiku ule, na kati ya saa tisa na saa kumi na moja hakuna mlinganyo nilioufundisha ambao ungeandika tofauti ya dakika ile na nyingine. Mwanafalsafa Bergson alijaribu kumweleza Einstein jambo la namna hiyo kule Paris tarehe 6 Aprili 1922, juu ya muda kama mtu anavyouishi, naye akamjibu kwamba hakuna wakati wa wanafalsafa. Katika fizikia Bergson alikosea mahali. Katika swali, sidhani.

Kuna kitu sikukwambia msibani. Tangu ulipoondoka, baba yako aliitoa saa moja kwenye ule mstari wa ukutani na kuitia majira ya Muscat. Wateja walikuwa wanamwambia, fundi, ile inatangulia. Alikuwa anaitazama, anasema, "Saa hizi yuko kwenye basi." Hata hospitali aliniomba niilete, nikaiweka juu ya kabati pale alipoweza kuiona. Alijua ulikuwa wapi alfajiri ile.

Ni ya kujaza kwa mkono. Naijaza kila usiku baada ya isha, na majira yake sijayagusa.

Mama yako