Ghorofa 102, linasimamaje?

SUALI: Asalaam alaykum mhariri. Mwanangu yupo New York, kanitumia picha kasimama chini ya Empire State, ati ghorofa 102! Nyumba aliyotuachia babu Mji Mkongwe ina ghorofa mbili na kuta zake nene dhiraa nzima, sasa lile jumba mie naliona madirisha matupu, linasimamaje? Na watu wanapandaje jamani? – Mama, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam mama yetu. Hapo ulipotaja kuta ndo penyewe. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ukuta wa mawe na chokaa ndo unaobeba kila kitu, ukitaka kwenda juu lazima uunenepeshe wa chini, ukizidisha sana chumba chote kinaliwa na ukuta, na dari tunalaza boriti za mikoko ambazo hazifiki mbali, ndo maana vyumba vyetu virefu vyembamba. Kule wanasimamisha kwanza mifupa ya chuma, nguzo na mihimili, juu ya mwamba, mzigo wote unashukia humo, ukuta unabaki kama nguo tu, ndo wakaweza kujaza madirisha. Empire State walilijenga hivo kwa siku 410 tu wallahi, likafunguliwa Mei 1931, mita 381 bila ya antena. Jumba la Chrysler, la huko huko New York, lilokuwa refu kuliko yote duniani lilikuwa hata mwaka halijamaliza, likapitwa!

Kupanda ni lifti. Zamani lifti zilikuwepo lakini watu wakiogopa kamba ikikatika, mpaka 1854 Elisha Otis, Mmarekani alobuni breki ya lifti, akapanda juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu kwenye maonesho huko huko New York, akaamrisha kamba ikatwe, breki ikashika, hakuanguka. Bila ya breki ile nani angekubali kukaa ghorofa ya 50?

Na sie hatukuwa nyuma mama, Beit-al-Ajaib ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya 1883 ilikuwa na nguzo za chuma na baadae ikatiwa lifti, watu wakiishangaa ndo ikaitwa jumba la maajabu. Ilivoporomoka upande mmoja Disemba 2020 mie niliumwa roho na mpaka leo nikipita Forodhani naumwa, kwa hivo hiyo nyumba ya babu itieni chokaa mapema, msingoje mvua za masika, na simenti msipake, inazuia ukuta wa mawe kutoa unyevu.

Kijana mwambie apande ghorofa ya 86, pana baraza ya nje, Chrysler analiona pale pale, akupigie picha.