Kama sheria inagawa mali yenyewe, wosia ni wa nini?

Swali: «Baba watoto ana parseli (kiwanja) Katuba. Tuliinunua na kujenga pamoja baada ya kufunga ndoa etasivili (ofisi ya serikali ya ndoa na vyeti). Tuna watoto wanne, na yeye ana mwingine aliyemzaa kabla ya kunioa. Namuomba aandike wosia, anakataa: eti sheria ya Kongo inagawa yenyewe. Wajomba zake nao wanasema kwa Wabemba mali ni ya watoto wa dada. Nani ana haki?» Mama wa Lubumbashi.

Jibu: Mama, wajomba hawana haki. Mzee ana haki nusu.

Tuanze na wajomba. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawaweka watoto mbele ya wote: wa ndoa, wa kuasiliwa, na wa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Hao wanachukua robo tatu ya urithi kwa mafungu yaliyo sawa, msichana kama mvulana. Mila ya upande wa mama haibadilishi hilo, na wosia pia hauwezi kuipunguza robo tatu hiyo kwa faida ya mtu mwingine. Kwa hiyo mzee akiandika «nyumba yote kwa mke wangu», watoto wana haki ya kuupinga mbele ya tribinali.

Robo inayobaki ndiyo yenye mambo. Bila wosia, wanaigawana makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 40,000. Kama hamkuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba mlichokipata ndani ya ndoa ni chenu wote wawili. Nusu, yaani dola 20,000, ni yako na haiingii kwenye urithi kabisa. Katika 20,000 za mzee, watoto watano wanapata 15,000, kila mmoja 3,000. Zinabaki 5,000. Makundi yote matatu yakiwapo, kila kundi linapata kama 1,667. Kwa wosia, mzee anaweza kukuachia wewe robo hiyo nzima. Hapo ndipo shemeji zako wanapotoka kwenye hesabu.

Haki yako ya kukaa katika nyumba mliyoishi na kutumia vyombo vyake ipo hata bila wosia. Nyumba ikipangishwa, kodi inagawanywa nusu kwako, nusu kwa watoto. Ila ukiolewa tena, haki ya kukaa humo inaweza kukutoka.

Sasa faida ambayo wengi hawaioni, na kwetu ndiyo kubwa kuliko hiyo robo: nani atashika mafaili. Bila wosia, sheria inampa kazi ya kusimamia urithi mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kwa kuwa kaka wa marehemu nao ni warithi, mara nyingi mkubwa huyo ni baba mkubwa, si mjane wala mtoto. Yeye ndiye atakayeonana na banki, wapangaji, tribinali na konsevateri wa hati za ardhi. Akiwa mwaminifu, sawa. Asipokuwa hivyo, mtashtakiana miaka huku yeye anachukua kodi ya nyumba kila mwezi. Katika wosia mzee anamtaja msimamizi anayemtaka, na wa pili kama wa kwanza hawezi. Hata mtu asiye wa ukoo anaruhusiwa.

Kuandika kwenyewe kuna njia tatu. Ya kwanza ni mbele ya notere (ofisa wa kuthibitisha hati) au ofisa wa etasivili wa mahali anapoishi. Ndiyo tunayoipendekeza kwa familia yenye maneno, maana ni vigumu kudai baadaye kwamba sahihi ni ya kughushi. Ya pili ni kuandika kwa mkono wake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuweka tarehe kamili na kutia sahihi. Lugha anayoimudu inatosha. Kifaransa cha kuazima huzaa sentensi zenye maana mbili. Asipeleke karatasi kwa mpiga chapa wa barabarani kisha aweke sahihi tu chini, wala asimwachie mtoto mwenye mwandiko mzuri amwandikie. Ya tatu ni kusema kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili watu wazima, kifo kikiwa karibu. Hiyo ina mipaka mikali, haifai kwa parseli.

Ndani ya karatasi, «parseli yangu ya Katuba» haitoshi. Aandike komine, kartie, avenue, namba, na namba ya sertifika (hati ya usajili wa ardhi). Kama mkononi kuna fishi ya parseli tu, au hati bado ina jina la muuzaji, msipoteze muda kwenye wosia kwanza: kamilisheni sertifika. Majina ya watoto yafanane herufi kwa herufi na vyeti vyao vya kuzaliwa. Madeni yaandikwe pia, ya kulipa na ya kudai. Pensheni ya wafiwa ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) asiigawe humo. Ina kanuni zake na wanaostahili wametajwa na sheria.

Wewe uandike wako, kwa karatasi yako, juu ya nusu yako. Wosia wa mtu ni wake peke yake, na anaweza kuubadilisha wakati wowote. Akiandika mpya, aseme waziwazi kwamba anaufuta ule wa zamani. Karatasi ya asili ibaki kwa notere, na msimamizi ajue iko wapi.

Kuhusu yule mtoto wa kwanza: kuandikwa jina lake kwenye wosia si dawa. Kama baba hajamtambua rasmi, aende etasivili sasa. Akifariki kabla ya hapo, mtoto atalazimika kuthibitisha ubaba mahakamani, na robo tatu itachelewa kwa wote watano.