Vigurudumu vya piano ya zamani

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kubadili vigurudumu vya piano ya kusimama ukiwa peke yako na jeki ya gari, peke yako usijaribu kabisa, lile dude lina kilo 200 mpaka 300 na uzito mwingi uko nyuma kwenye ile fremu ya chuma inayoshika nyuzi, so likianza kulalia nyuma hulizuii. Tafuta watu watatu hivi, mnyanyue upande mmoja tu kidogo, mnasukumia vipande vya mbao chini, na mikono isikae chini ya piano hata sekunde moja. Miguu ya mbele msiiguse maana mingi ni pambo tu, inakatika.

Kabla hujanunua vipya toa kimoja cha zamani upime kimo chake na matundu ya skrubu, ukiweka virefu kuliko vya mwanzo pedali zinakuwa juu na piano inayumba. Tundu likiwa limelegea jaza njiti na gundi ya mbao, acha ikauke usiku mzima.

Ila kama haihamihami mi ningeiacha tu hivyo hivyo.